Grisi ya Kigoma

Mvua zikikaribia Lugarawa, fundi wa mashine ya kupasulia mbao haridhiki na turubai peke yake. Kwanza anafuta shafti, anaipaka grisi mpaka chuma hakionekani, anajaza beringi, ndipo anafunika. Ukiielewa kazi hiyo, umeelewa kilichofanyika katika Ziwa Tanganyika tarehe 26 Julai 1916.

Siku hiyo Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe, Graf von Götzen, karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inaendelea, Wabelgiji na Waingereza walikuwa wanasonga mbele, na Kigoma haikuweza kushikiliwa tena. Gustav Zimmer, mwanamaji aliyeongoza kikosi cha ziwani, alikuwa amekwisha kupoteza chombo kingine, Möwe, kilichozamishwa bandarini Dar es Salaam Agosti 1914. Möwe ilizamishwa ili adui asiipate. Götzen ilizamishwa ili siku moja iinuliwe, na tofauti hiyo ilitegemea mikono ya mafundi.

Tena mafundi wenyewe waliijua kila bolti. Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt walitoka Papenburg, Ujerumani, meli ikiwa vipandevipande ndani ya makasha 5,000 hivi, wakaiunga upya Kigoma pamoja na vibarua wa huko. Ikashushwa majini Februari 1915. Mtu aliyeipigilia meli ribiti kwa ribiti haiachi iliwe na kutu hivihivi.

Basi injini zikapakwa grisi nzito. Kutu hutokea chuma kitupu kikikutana na maji na oksijeni. Bamba nene la ubavuni likiliwa kidogo, meli bado inaelea. Hatari iko kwenye sehemu zilizosuguliwa laini: fimbo ya pistoni, shingo za shafti, nyuso za valvu. Kishimo kidogo pale kinavujisha mvuke na kukwangua beringi. Grisi haikubali kuchanganyika na maji, inang'ang'ania chuma, na kule chini hakuna jua la kuiyeyusha wala mwendo wa kuifuta. Ziwa nalo lilisaidia, maana maji ya bahari yangekula haraka zaidi. Mwishowe meli ikajazwa mchanga, ishuke taratibu.

Wabelgiji waliiinua, wakaivuta hadi Kigoma, dhoruba ikaizamisha tena. Mwaka 1924 wanamaji wa Uingereza wakaitoa, wakakuta boila na injini bado zinafaa. Wengi husimulia hapo kama muujiza. Mimi naona uamuzi wa fundi aliyejua ni wapi pa kupaka, akapaka wakati adui yuko njiani na angeweza kukimbia tu.

Tarehe 16 Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Injini zilezile za mvuke ziliisukuma kwa zaidi ya miaka 40, mpaka zilipotolewa katika miaka ya 1970 na kuwekwa za dizeli.