Saa 36 za Yai la Edwards

Gregory Pincus wa Marekani alidai katika miaka ya 1930 kwamba yai la mwanamke likitolewa kwenye ovari hukomaa kwa saa 12. Miaka mingi baadaye, Robert Edwards, mwanabiolojia wa Uingereza, alipewa vipande vya ovari za wanawake waliofanyiwa upasuaji, akayaweka mayai kwenye kiowevu chenye joto la mwili na kusubiri. Saa 12 zikapita, hakuna kitu. Wengine wangeyamwaga. Yeye aliyaacha, na baada ya saa 24 hivi kromosomu zikaanza kujipanga. Karibu saa ya 37 yai likatema kiseli kidogo ubavuni, dalili kwamba sasa linaweza kupokea mbegu. Matokeo hayo aliyachapisha katika The Lancet mwaka 1965.

Kikafuata kikwazo cha mbegu, ambazo hazikuingia. Mkombozi alikuwa Barry Bavister, mwanafunzi wa uzamivu pale Cambridge aliyekuwa akishughulika na mayai ya hamsta, mnyama wa jamii ya panya. Aligundua kwamba kiowevu kikiongezewa bikaboneti, asidi ikapungua, mbegu huchangamka. Edwards alikiazima kiowevu hicho, na mwaka 1969 utungisho wa yai la binadamu nje ya mwili ukatangazwa katika jarida la Nature.

Furaha haikudumu. Mayai hayo hayakuendelea kupita mgawanyiko wa kwanza.

Hapa ndipo penye somo zima, kwa maoni yangu. Kukomaa kwa kromosomu ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili hufanyika katika ute wa yai, unaolimbikiza protini na maagizo ya kukilisha kiinitete siku mbili tatu za mwanzo, kabla jeni zake hazijaanza kazi. Akiba hiyo hujengwa yai likiwa ndani ya kifuko chake, na kiowevu cha maabara hakikuweza kuijaza. Edwards akageuza mbinu: yai likomae kwa mama, na daktari Patrick Steptoe alichukue muda mfupi kabla halijatoka lenyewe. Muda huo waliujua kutokana na subira ya 1965. Wakisaidiwa na muuguzi Jean Purdy, walipata viinitete vya siku tano au zaidi kufikia 1971. Louise Brown, mtoto wa kwanza kupatikana kwa utungisho wa nje ya mwili, alizaliwa tarehe 25 Julai 1978.

Maabara za leo ni kali zaidi. Yai likipoa hata kwa dakika chache, nyuzi zinazoshikilia kromosomu huanza kusambaratika. Oksijeni nayo hushushwa hadi asilimia 5, kwa kuwa ile ya hewani, karibu asilimia 21, hukidhuru kiinitete. Hata hivyo, kukomaza mayai nje ya mwili bado huleta mimba chache kuliko njia ya kawaida, na kliniki nyingi huchoma sindano ya homoni, kisha huvuna mayai baada ya saa 36 hivi.