Umande Kwanza, Kondoo Baadaye

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kondoo wa Chara wanalia zizini na nyasi za nje bado zimelowa. Mfugaji aliyezoea nchi kavu angefungua mlango papo hapo: mifugo ina njaa, na jua likishapanda watakimbilia kivuli. Kule Garissa hoja hiyo ina haki yake. Huku Chara, ndani ya delta ya Tana, ndiyo inayomaliza kundi, na ratiba ya boma dogo linalofanya vizuri huanza kwa kuikataa.

Tuchukue boma la mfano: kondoo kumi na wawili, kuku ishirini, mama, vijana wawili, na shamba la mpunga lisilomngoja mtu. Mlango wa kondoo ufunguliwe saa tatu au saa tatu na nusu. Hizo saa tatu za katikati si za kukaa bure, maana kazi nyingine zote za asubuhi zinaenea humo.

Kwa nini wangoje? Adui mkubwa wa kondoo kwenye ardhi ya majimaji ni mnyoo mnyonya damu anayekaa tumbo la nne, ambaye wataalamu humwita Haemonchus contortus. Jike lake hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Kondoo mwenye majike 200 tumboni bado anatembea na kula kama kawaida, lakini kwa hesabu ya chini anadondosha mayai milioni moja kila siku. Kwa joto la pwani, wiki moja hivi yatosha mayai hayo kuwa mabuu ya kuambukiza. Buu hana miguu. Hupanda jani kwa kuogelea katika utando mwembamba wa maji, kwa hiyo umande ndio ngazi yake. Jua likikausha jani, wengi hubaki sentimita tano za chini, karibu na udongo. Kungoja hakumalizi minyoo, kunapunguza tu kinachomezwa kila siku. Na faida hiyo hupotea ukiwaacha kondoo mahali pamoja mpaka wakwangue nyasi zikafika kwenye mizizi.

Turudi bomani. Tundu la kuku hufunguliwa kwanza, na kuku huhesabiwa wakitoka mmoja mmoja mlangoni, kwa sababu wakishatawanyika hesabu ni ya kukisia. Pengo likionekana, nguchiro au kicheche amepita usiku. Kuku akibaki ndani amejikunyata, kinyesi cha kijani, shingo imepinda, hiyo ni kideri, na hapo hakuna tena dawa. Watanzania huiita mdondo. Zamani kikwazo cha chanjo vijijini kilikuwa kukosa barafu: chupa ilikuwa imeharibika kabla haijafika. Chanjo ya I-2, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia na ikaja kutengenezwa Tanzania, huvumilia joto kuliko zile za awali. Ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi minne. Kuku ishirini huchanjwa alfajiri wakiwa bado tunduni, kabla chai haijachemka. Ugumu uliobaki ni wa ujirani: chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa boma moja, kwa hiyo nyumba tano au sita zisipopanga siku moja, mmoja hulipia dozi za kumwaga.

Kazi ya pili ni sakafu. Zizi la ardhini, hata likizungushiwa miba vizuri, wakati wa mvua hugeuka tope, na tope huozesha kwato. Banda la kondoo katika delta lafaa liwe uchaga: fito zimelazwa juu ya nguzo, nafasi kati ya fito na fito iwe upana wa kidole, kinyesi kipite na mguu usinase. Chini hufagiliwa kila asubuhi na samadi ikapelekwa kwenye migomba. Kuku huwahi hapo kuchakura funza na mabuu ya nzi, na waachwe wafanye kazi hiyo.

Ila kuku kula chini ya kondoo ni jambo moja, na kondoo kula cha kuku ni jambo jingine. Chakula cha kuku cha dukani kina madini ya shaba kwa kiasi kinachomfaa kuku. Kondoo hawezi kuitoa shaba mwilini vizuri. Hujilimbikiza kwenye ini kwa wiki nyingi bila dalili, halafu siku moja hufumuka. Macho hugeuka manjano, mkojo unakuwa mwekundu, na mnyama hufa huku mwenyewe akitafuta nani kamtilia sumu. Gunia la chakula cha kuku lisikae chini ya paa moja na kondoo. Nasisitiza hili kwa sababu boma dogo lina stoo moja tu, na stoo yenyewe mara nyingi ni ile kona ya banda.

Kazi ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kabla mlango wa kondoo haujafunguliwa, mtu mmoja humshika kichwa kila kondoo, akaufunua ukope wa chini na kutazama rangi ya ngozi ya ndani. Nyekundu ni salama, waridi ni ya kuangaliwa, nyeupe ni damu imeliwa. Afrika Kusini waliigeuza kazi hiyo kadi ya rangi tano, wakaiita FAMACHA, jina lililotokana na daktari wa mifugo François Malan, aliyeitwa Faffa. Anayepewa dawa ni yule mwenye ukope uliopauka, pamoja na mwenye uvimbe laini chini ya taya. Wengine huachwa. Wafugaji wengi hapa hushtuka: dawa ipo, kwa nini nisiwanyweshe wote? Kwa sababu ukiwanywesha wote kila mara, minyoo inayobaki hai ni ile iliyoishinda dawa, na ndiyo itakayozaa. Kondoo kumi na wawili hutazamwa ndani ya robo saa. Kila wiki mbili yatosha, na wakati wa mvua iwe kila wiki.

Sasa mbegu. Kati ya 1991 na 1996, watafiti wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI (mwanzoni ikiitwa ILCA) waliwalinganisha kondoo wekundu wa Kimaasai na Dorper huko Diani, Kwale, penye unyevu kama wetu. Wekundu walikuwa na mayai machache ya minyoo kwenye kinyesi, damu nzito zaidi, na vifo vichache. Dorper ni mkubwa na anapendeza sokoni, na katika nchi kavu anastahili sifa zake, lakini kumleta Chara kwa sababu ya umbo ni kununua gharama ya dawa. Cha kuchekesha ni kwamba Dorper mwenyewe ni mjukuu wa kondoo wa Kisomali mwenye kichwa cheusi, jirani yetu wa karibu, aliyepelekwa Afrika Kusini karne ya 19 na kuchanganywa na kondoo wa Kiingereza.

Kilichobaki ni kalenda. Mimba ya kondoo ni miezi mitano. Mto Tana hufurika zaidi mwezi wa Mei na wa Novemba, kwa hiyo dume anayekaa na majike mwaka mzima atazalisha wana-kondoo majini. Mfunge au mtenge, umwachie mwezi wa Agosti. Wana-kondoo watazaliwa Januari, maji ya vuli yakiwa yameshuka na kuacha nyasi changa. Wamaasai humfunga dume ngozi tumboni bila kumtenga na kundi, nasi tunaweza kuiga.

Mafuriko yenyewe yana deni jingine. Homa ya Bonde la Ufa, iliyogunduliwa kwa kondoo karibu na Naivasha mwaka 1931, hufuata mvua kubwa kwa sababu mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama. Mlipuko wa 2006 na 2007 uliipiga Garissa, ukafika Tana River, na Kenya nzima ikazika watu zaidi ya 150. Dalili ya kwanza bomani ni majike kutupa mimba kwa pamoja na wana-kondoo wachanga kufa karibu wote. Ikitokea hivyo baada ya maji kujaa, usimshike kwa mikono mitupu aliyetupwa, usimchinje mgonjwa ili kuokoa nyama, na mwite afisa wa mifugo siku hiyo hiyo.