Mashine Imejibu, Mimi Bado

Ami yangu wa Malindi ndiye aliyenifundisha sataranji, hapo kibarazani. Ana imani moja haibadiliki: mfalme na maaskofu wawili dhidi ya mfalme na farasi, hiyo ni sare. Farasi akae karibu na pembe, mfalme wake amlinde, basi hutoboi.

Si yeye tu. Kling na Horwitz walichapisha ngome hiyo mwaka 1851, na kwa miaka 130 hivi mabingwa wakaikubali. Miaka ya 1980 Ken Thompson akaituma kompyuta ianzie mwisho wa mchezo na kurudi nyuma, hatua kwa hatua, bila kubahatisha. Ikabainika ngome inavunjika: maaskofu hushinda mara nyingi, ingawa pengine kwa hatua 66. Leo majedwali ya Syzygy yana jibu la mwisho wowote wa kete saba kushuka chini, na unayasoma bure kwa simu.

Nikapanda matatu kutoka Kilifi, simu mkononi.

“Ami, hapa nashinda kwa hatua 41.”

“Haya mwanangu. Itie mfukoni, unishinde.”

Hatua ya nane nilikuwa nishapotea.

“Kumbe anayejua ni simu,” akasema.

Iliniuma. Chuo niliacha mwaka wa pili, na mitihani nilikuwa napita vivyo hivyo: majibu ya karatasi za zamani kichwani, sababu hamna.

Kwa hivyo lawama yangu kwa mashine ni hii: ni hakimu asiyekosea, lakini hukumu yake haina maelezo. Stockfish inakupa namba. Jedwali linakwambia ushindi, sare au kichapo. Kwa nini? Kimya. Sisi tunapiga picha ya skrini, tunaita uchambuzi.

Siku hizi naandika hatua yangu kwanza, pamoja na sababu, ndipo nauliza. Mashine ikiikataa, naicheza hiyo hiyo dhidi yake mpaka iniadhibu. Hapo ndipo naona kosa liko wapi.

Ijumaa iliyopita nilimtoa farasi wa Ami pembeni. Lakini kuna kanuni: zikipita hatua 50 bila kete kuliwa wala askari kusogea, mchezaji ana haki ya kudai sare. Ami alikuwa anahesabu. Akadai, akapewa.

Safari hii, lakini, nilimwonyesha mwenyewe nilipochelewa. Simu ilikuwa mfukoni.