Kinyago na Hadithi Yake

Methali husema kwamba kinyago ukichongacho mwenyewe hakikutishi. Kwa kawaida hutumiwa kumkemea mtu aliyeinuliwa na wenziwe kisha akataka kuwatawala. Lakini imo ndani yake pia kanuni ya uhakiki: mwenye kuitengeneza sanamu huijua siri yake, na mwenye kuijua siri yake haishindwi nayo.

Kanuni hiyo yaweza kupimwa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako wauzaji wa ufukweni huwapangia wageni picha za Tingatinga na vinyago vidogo vya mashetani. Asili ya mashetani hao si Paje. Mtindo wao ulikulia Dar es Salaam kwa wachongaji wa Kimakonde, na Samaki Likankoa ndiye atajwaye kuwa mwanzilishi wake katika miaka ya 1950. Baadaye George Lilanga (1934–2005), wa Nyumba ya Sanaa, aliwavika rangi kali, akawapa masikio makubwa, midomo mipana na vidole viwili au vitatu. Mashetani wake hucheza ngoma na kuhangaikia maisha kama majirani. Lilanga hakuwaogopa, kwa kuwa aliwajua.

Ulaya na Marekani upo mchezo ulio jamaa ya sanaa hii: watu wazima hukusanya sanamu za majitu, mazimwi na mashujaa, zenye kimo cha sentimita tatu hivi, wakazipaka rangi kwa brashi nyembamba. Ulipata nguvu baada ya Dungeons & Dragons kutolewa mwaka 1974 na Warhammer mwaka 1983, nao una deni kubwa kwa riwaya ya Tolkien, The Lord of the Rings, ya mwaka 1954 na 1955. Jambo la kuangaliwa ni kwamba sanamu hununuliwa bila rangi. Mwenyewe ndiye aamuaye kama joho la shujaa ni jipya au limechakazwa na safari, na kama kovu la jitu ni la jana au la utotoni. Hawezi kuamua vema asipoijua hadithi. Kwa hiyo apakapo rangi, anasoma.

Mnunuzi wa Paje hupewa shetani aliyekwisha kupakwa, tena asiye na jina. Lawama si ya mchongaji, ambaye riziki yake imo humo. Upungufu ni kwamba mnunuzi hakuachiwa kazi yoyote ila kutafuta rafu ya kumweka.

Wala Kiswahili hakikukosa hadithi za kuwapa sanamu uhai. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, wamo majini, umo mji ambao watu wake waligeuka mawe, na wamo ndugu wawili waliogeuzwa manyani, wapigwao kila usiku na ndugu yao awapendaye. Mwanafunzi na apewe mmoja wa manyani hao, mdogo, wa mti mweupe, aambiwe ampake macho. Je, atampa macho ya mnyama, au ya mtu akumbukaye kosa lake? Hapo atalazimika kukifungua kitabu upya, na jibu lake litaonekana kwa kila atakayekishika kinyago.