Kuzipigia Nyota Umri

Mwishoni mwa Mei, masika ikishapungua na kusi kushika, usiku usio na mwezi huwa mweusi hasa huko Kanga, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia. Saa tatu usiku elekea kusini, utazame juu ya minazi mpaka uione nyota ya Rijili Kantori na jirani yake wa kulia. Kutoka kwa huyo jirani panda kiasi cha ngumi moja na nusu ya mkono ulionyooshwa, ukiegemea kulia kidogo. Hapo pana nyota hafifu yenye ukungu. Ni Omega Centauri: nyota zipatazo milioni 10 zilizosongamana, na nuru yake imesafiri miaka kama 17,000 ndipo ikafika kijijini.

Mafungu ya duara kama hilo yanayojulikana katika Njia Nyeupe ni kama 150. Ukubwa wake unatisha, lakini mimi huwastaajabia zaidi watu waliojifunza kuyapigia umri.

Nyota za fungu moja kwa kawaida huzaliwa karibu wakati mmoja, zikiwa na uzito mbalimbali. Iliyo nzito huimaliza haidrojeni yake upesi: yenye uzito mara 10 wa jua haifiki miaka milioni 30, na jua letu lina akiba ya bilioni 10 hivi. Basi hutafutwa nyota nzito kuliko zote ambayo bado haijaishiwa. Kilimia, ambacho wakulima wa pwani wamekifuata kwa misimu yao, bado kina nyota nzito za buluu, kwa hiyo umri wake ni miaka milioni mia na ushei tu. Katika mafungu ya duara, hata nyota zenye uzito wa jua zimekwisha kuishiwa.

Kazi yenyewe ni ya nyota moja moja. Kila nyota hupimwa mng'ao kupitia kichujio cha buluu, kisha cha manjano; tofauti ya vipimo hivyo ndiyo rangi yake, na rangi huonyesha joto. Halafu hutiwa nukta kwenye mchoro: rangi huku, mng'ao huku. Nukta zikifika maelfu hujipanga mstari wa mshazari, na mahali fulani mstari unapinda kuelekea wekundu. Hapo penye kipinda ndipo umri unaposomwa. Allan Sandage na Halton Arp walikifikia kipinda hicho mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakipima madoa madogo ya nyota kwenye sahani za kioo za picha.

Katikati ya fungu madoa hupandana. Mwaka 1987 Peter Stetson wa Kanada alitoa programu iitwayo DAOPHOT, na naipenda mno njia yake. Hujifunza umbo la doa la nyota iliyo peke yake, hulilinganisha na kila nyota ya msongamano, kisha huziondoa zote pichani. Katika mabaki huonekana zile zilizokuwa zimefunikwa. Nazo huongezwa, na hesabu yote huanza upya.

Umbali ndio unaosumbua. Ukiukosea kwa asilimia 10, umri unakengeuka kwa karibu asilimia 20. Katikati ya miaka ya 1990 mafungu makongwe yalipewa miaka bilioni 15 na zaidi, huku baadhi ya vipimo vya kutanuka kwa ulimwengu vikiupa ulimwengu wenyewe miaka michache kuliko hiyo. Nyota zilionekana kumzidi mama yao umri! Mwaka 1997 vipimo vya setilaiti ya Hipparcos viliyasogeza mafungu mbali zaidi, na umri wao ukashuka; leo ulimwengu unahesabiwa miaka bilioni 13.8.

Kisha wakaja waliokwepa kipinda kabisa. Katika fungu la M4, kwenye kundinyota la Nge, walizitafuta nyota zilizokwisha kufa na kubaki viini vinavyopoa polepole, kwa kuwa kiini kilichofifia zaidi ndicho kilichokufa zamani zaidi. Darubini ya Hubble ilikusanya nuru ya viini hivyo kwa jumla ya siku 8 hivi. Jibu lililotolewa 2002 lilikuwa miaka bilioni 12.7, kwa kujuzu kosa la 0.7 juu au chini. Wenye kipinda nao, baada ya kusahihisha umbali, walikuwa wamefika karibu na hapo hapo.