Alipotelea Wapi?

Insha yangu kuhusu kifo cha baba niliiandika kwanza kwa Kiingereza, kisha nikaitafsiri mwenyewe ili nimsomee shangazi. Sentensi ya mwanzo ilisema: "Nilipompoteza baba, nilirudi nyumbani na kukaa kwenye kiti chake na kusubiri kwa muda mrefu." Shangazi akaninyamazisha kwa mkono.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Kaka yangu alipotelea wapi?"

Hakuwa akitania. Nikamwambia ndivyo wanavyosema siku hizi. "Wanaosema hivyo ni nani?" akauliza. "Sisi tumefiwa."

Nilidhani kosa langu ni neno moja. Nilipoirudia ile sentensi usiku, nikaona kwamba hata maungio yake hayakuwa yetu. Ile "na", ile "kwenye", ile "kwa muda" zilikuwa mifupa ya Kiingereza niliyoivika ngozi ya Kiswahili. Tangu siku hiyo nasoma Kiingereza nikitazama viungo vyake, na nakiheshimu zaidi kuliko zamani, kwa sababu sasa naona kinavyofanya kazi.

Kiingereza cha kila siku hupenda vitenzi vifupi na vyepesi: "go", "get", "put", "come". Uzito hubebwa na vinavyoviunganisha. Chukua "and", neno ambalo tulifundishwa kwamba kazi yake ni kujumlisha tu. Katika "go and see" halijumlishi chochote, linataja kusudi. Katika "touch it and I'll scream" ni sharti na tishio. Katika "he went and broke it" hakuna safari iliyofanyika: mtu ameharibu kitu, na msemaji amekasirika. Kuna pia "try and", ambayo walimu wengi huisahihisha iwe "try to". H. W. Fowler, mtu aliyeogopwa kwa ukali wake katika mambo ya lugha, aliitetea katika kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza cha 1926. Ina tabia ya ajabu: "I will try and help" ni jaribio moja, lakini ukiipeleka wakati uliopita, "I tried and helped", umepata matendo mawili, na la pili limefanikiwa. Mzawa wa lugha hiyo hajafundishwa kanuni hii na hakosei.

Vihusishi navyo vina ujanja wao. "She saw the man with the lamp": taa ni ya nani? Kiingereza kinaweza kukaa kimya. Kiswahili hakiwezi; lazima mfasiri aamue kama ni "mtu mwenye taa" au kama mwanamke ndiye aliyemmulika. Na pale Kiingereza kinapobandika kihusishi nyuma ya kitenzi, mara nyingi sisi tunamwingiza mtu ndani ya kitenzi chenyewe. Mama hapiki "kwa ajili yangu", ananipikia. Mgonjwa aliyekata roho akiwa amepakatwa "amemfia mikononi" yule aliyempakata. Kiingereza kitasema "died in his arms", na mikono itabaki kuwa mahali tu. Kikitaka kumtaja aliyeumizwa na tukio, kina "on": "my phone died on me", simu imenizimikia. Lakini ukisema "my father died on me", watu watakukodolea macho. Msemo huo una ukali na utani usiofaa matangani. Ndiyo maana Kiingereza cha heshima hukimbilia "I lost my father". Sisi hatukuwa na haja ya kukimbilia huko. "Nimefiwa" ni neno moja linalosema kwamba mwingine amekufa na pigo limeniangukia mimi.

Kama unataka kuona maungio haya yakibeba msiba mzima, soma mwisho wa "A Farewell to Arms", riwaya ya Ernest Hemingway ya 1929. Mwanamke amefariki baada ya kujifungua mtoto aliyekufa. Sentensi ya mwisho inamtoa mwanamume hospitalini na kumrudisha hotelini. Vitenzi ni vya kawaida kabisa, vya mtu anayetoka mahali na kwenda pengine, vimeungwa kwa "and", na mwishoni pamewekwa kirai kifupi kinachotaja mvua. Hakuna neno la huzuni. "And" imekataa kueleza sababu, nasi wasomaji tunaijaza wenyewe. Masikio ya Kiingereza yameuzoea mtindo huu tangu tafsiri ya Biblia ya 1611, ambayo ilifuata Kiebrania kwa kuunga tendo na tendo vivyo hivyo.

Sasa mlete mtu huyo kwenye Kiswahili. Kwa vitenzi tuna "-ka-", na nadhani ndiyo zawadi kubwa ya msimuliaji wetu. "Alikula, akafa": alikufa baada ya kula, au kwa sababu ya kula? "-ka-" inapanga matukio na kumwachia msikilizaji swali. Inafanya alichokitaka Hemingway bila kuhitaji "na" hata moja. Tena kila mara inamrudia mtendaji, aka-, aka-, aka-, kama mtu anayehesabu hatua zake ili asianguke.

Tatizo ni mvua. Kitenzi kinachokuja haraka mdomoni ni "kunyeshewa", na ni kizuri, lakini kinamfanya mtu huyo aonewe na mvua. Kimejengwa sawasawa na kufiwa. Amefiwa, na sasa ananyeshewa: Kiswahili kingeyafunga matukio mawili kwa fundo moja la sarufi, jambo ambalo Kiingereza hakikulifanya. Je, huo ni utajiri au ni kuropoka siri ya mwandishi? Mimi ningeandika "mvuani" na kunyamaza. Ningepoteza fundo zuri, lakini ningelinda ukimya ambao ndio riwaya yenyewe. Mwingine angechagua kunyeshewa na nisingemlaumu, mradi awe amechagua.

Hapo ndipo ninapotulaumu sisi tunaoandika leo. Wengi wetu tumesomeshwa kwa Kiingereza, na tunatafsiri kichwani kabla kalamu haijagusa karatasi. Sisemi "na" ni mgeni: "alikwenda na kurudi" ni Kiswahili safi. Wala si kila kitenzi kinyambuliwe. Nilipojaribu kuiponya sentensi yangu niliandika "nikakikalia kiti chake", na papo hapo nikajiona mrithi aliyejitangaza kabla ya arobaini. Kasoro ni kuandika "kwa ajili yangu" bila kukumbuka kwamba "-nipikia" ilikuwepo, au kurundika "na" tatu bila kusikia kwamba "-ka-" ilikuwa inabisha hodi. Mwandishi wa namna hiyo hajachagua kitu, amechaguliwa.

Na katika maandishi ya kweli, yanayohusu watu wetu, gharama yake ni kubwa. Nilitaka kumwambia shangazi jinsi kifo cha kaka yake kilivyoniangukia, na nikatumia sentensi ambayo ndani yake hakikumwangukia yeyote.

Nilirudi kwake na sentensi mpya: "Nilipofiwa na baba nilirudi nyumbani, nikaketi kwenye kiti chake, nikasubiri."

Shangazi alikaa kimya kidogo, akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Endelea," akasema.