Umbali Hujengwa na Kiza Kinachopungua

Wachoraji wengi wa mandhari hufundishwa kwamba mlima wa mbali hupakwa buluu, na huishia hapo. Buluu hiyo ina asili ya kweli: hewa hutawanya zaidi mawimbi mafupi ya mwanga, na mwanga huo uliotawanyika hutanda kati ya jicho na mlima. Lakini utando huohuo hufanya jambo kubwa zaidi: hupausha kiza. Ushahidi upo Hamburg, katika mchoro wa rangi za mafuta wa Mjerumani Caspar David Friedrich, "Msafiri Juu ya Bahari ya Ukungu", wa mnamo 1818. Jabali la mbele na mtu aliyesimama juu yake ndivyo vyenye kiza kizito kuliko vyote. Majabali yanayochomoza ng'ambo yake yamekwisha kupauka. Miti yake bado inatambulika, ila weusi wake umepungua nguvu. Mlima wa mwisho unakaribia kulingana na anga. Na kwa kuwa ukungu umeifunika ardhi ya katikati, hakuna njia wala mto wa kuliongoza jicho: ngazi hizo za kiza ndizo zinazobeba karibu mzigo wote wa umbali. Mchoro huu ukichapishwa kwa nyeusi na nyeupe, kina chake hakipotei.

Mtu atauliza: mbona mchoraji wa mandhari Joachim Patinir, aliyefariki 1524, alipanga kahawia mbele, kijani katikati na buluu mbali, na jicho likakubali? Lilikubali, lakini mikanda yake huonekana kuwa mikanda. Hewa haipiti humo kama ipitavyo kwa Friedrich. Tena kanuni ya buluu hushindwa mbele ya theluji, kwani nyeupe ya mbali huelekea umanjano.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba rangi zilizofifishwa huua mchoro. Kinachoua mara nyingi ni kuzififisha kwa rangi nyeusi. Buluu iliyotiwa chungwa kidogo, kisha nyeupe, hutoa kijivu chenye uhai, na kijivu hicho hung'aa kikiwekwa nyuma ya kiza halisi. Friedrich asingeliweka lile jabali zito mbele, ukungu wake ungebaki rangi hafifu tu juu ya turubai.

Kwa hiyo, wewe unayeanza, chora mandhari yako kwanza kwa mkaa mtupu. Milima isiporudi nyuma hapo, usifungue bado buluu.